Tumeshahamasika, Sasa Tupimeni

Waandaaji wa msafara wa baiskeli uliotoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwezi uliopita, kwa lengo la kuhamasisha wananchi kuhusu saratani, wametangaza mipango yao ya mwakani. Safari itarefushwa hadi Mwanza. Waendesha baiskeli wataongezwa. Na lile hema la uchunguzi wa mlango wa kizazi, ambalo safari iliyotangulia lilikuwepo na safari hii likaachwa kwa maelezo kwamba linachelewesha msafara na kula bajeti, halitarudi. Kazi yao, wanasema, ni kuhamasisha. Kupima ni kazi ya hospitali.

Ni uamuzi mbaya, na sitamzungusha msomaji katika hilo. Msafara unaosimama mji hadi mji ukiwatangazia wanawake dalili za ugonjwa unaoua, kisha ukaondoka bila kumpima hata mmoja wao, unawaachia watu hofu. Walioendesha baiskeli zile siwalaumu. Wengine wamezika mama, wengine dada. Wamo waliomaliza matibabu yao wenyewe, wakaona njia nzuri ya kushukuru ni kupiga pedali kilomita kama 450 juani. Jasho lao ni la kweli, na ndiyo sababu inauma kuona linavyotumika.

Ugonjwa wenyewe tunaufahamu kwa tarakimu. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwa mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya nchini Tanzania kuwa 40,464 na vifo 26,945. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo iliyoongoza, ikiwa na wagonjwa wapya 10,241 na vifo 6,525. Vifo hivyo ni karibu wanawake 18 kwa siku. Na katika saratani zote kubwa, hii ndiyo ambayo dunia inajua vizuri zaidi namna ya kuizuia. Husababishwa na virusi vya HPV, hukua polepole kwa miaka 10 na zaidi kabla haijawa saratani kamili, na muda wote huo inaweza kuonekana na kuondolewa. Novemba 2020 Shirika la Afya Duniani lilizindua mkakati wa kuitokomeza, ukiwa na malengo ya kufikiwa ifikapo 2030. Mojawapo ni kwamba asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kabla ya kufikisha miaka 35, na tena kabla ya miaka 45. Neno lililowekwa pale ni kupimwa.

Wanaotetea uamuzi wa waandaaji wana hoja zao, na ni haki kuzitaja. Wanasema watu wengi bado wanaogopa hata kulitamka jina la ugonjwa. Wanasema wapo wanaodhani wamerogwa, wanaozunguka kwa waganga mpaka uvimbe unaoza. Wanasema wadhamini hutoa fedha pale wanapoonekana, na baiskeli 100 barabarani zinaonekana kuliko hema lililofungwa turubai. Wanasema pia kwamba uchunguzi unahitaji vibali, wataalamu na faragha, mambo yasiyopatikana kirahisi kando ya barabara. Yote haya yana chembe ya ukweli.

Lakini hakuna hoja hata moja kati ya hizo inayojibu swali linalobaki baada ya vipaza sauti kuzimwa. Mwanamke akishahamasika, aende wapi?

Nilikuwepo kwenye kituo kimojawapo cha mapumziko, mji mdogo kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Wanawake walikuwa wamekusanyika tangu asubuhi, wengine na watoto mgongoni, wengine wameacha meza zao za nyanya na vitunguu chini ya uangalizi wa jirani. Mhamasishaji alizungumza vizuri kwelikweli. Alieleza kuhusu damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, uchafu wenye harufu, na damu inayorudi kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi. Alipomaliza, mama mmoja wa makamo alimfuata pembeni akamweleza kwa sauti ya chini kwamba dalili mbili kati ya hizo anazo tangu mfungo uliopita. Akaelekezwa kituo cha afya. Nilimsindikiza. Muuguzi aliyesomea uchunguzi huo alikuwa likizo, na hakukuwa na mwingine. Mama aliambiwa arudi baada ya wiki tatu, au aende hospitali ya wilaya, na nauli ya huko hakuwa nayo siku ile. Tulipotoka nje, msafara ulikuwa umeshaondoka.

Mama yule alikuwa ameelewa kila neno. Aliacha biashara yake, akasikiliza, akashinda aibu, akamwambia mgeni jambo ambalo pengine hajamwambia hata mumewe. Alifanya yote ambayo mabango yanamtaka mwanamke afanye. Kilichokosekana hakikuwa kwake.

Na kipimo chenyewe ni chepesi kiasi cha kutia hasira. Muuguzi anahitaji kitanda, pazia, taa yenye mwanga mzuri, pamba, kifaa cha kufungulia njia ya uzazi kilichochemshwa vizuri, na asidi ya siki iliyochanganywa na maji ibaki asilimia 3 hadi 5. Anaupaka mlango wa kizazi kwa pamba iliyoloweshwa siki, anasubiri dakika moja, kisha anaangalia. Sehemu yenye chembe zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe. Hakuna maabara wala kusubiri majibu. Baka likiwa dogo na halina dalili ya saratani, linatibiwa papo hapo, ama kwa kugandishwa kwa gesi, ama kwa kuunguzwa kwa kifaa chenye joto la nyuzi 100 kwa muda usiofika dakika moja. Kifaa hicho cha kuunguza kipo cha kushika mkononi, kinatumia betri, kinaingia kwenye begi la mgongoni. Mwanamke anashuka kitandani, anavaa, anarudi nyumbani kwa miguu yake. Ugonjwa ambao ungemuua akiwa na miaka 50 umeishia hapo.

Hiyo ndiyo huduma inayoelezwa kuwa inachelewesha msafara. Magari ya kufuata baiskeli yalibeba maji, ndizi, magurudumu ya akiba, mafundi na wapiga picha. Begi moja la mgongoni halikupata nafasi.

Kwa mwenye dalili kama mama niliyemsindikiza, siki peke yake haitoshi. Huyo anatakiwa kukatwa kinyama cha kupimwa, na hapo ndipo barabara inapoanza kuwa ndefu. Kinyama kinawekwa kwenye chupa yenye dawa ya kukihifadhi, kinasafirishwa hadi hospitali kubwa yenye mtaalamu wa kukisoma, na majibu huweza kuchukua wiki kadhaa. Lazima awepo mtu wa kuyafuatilia majibu hayo na kumpigia mgonjwa simu, na mara nyingi simu iliyoandikwa kwenye jalada ni ya mume au ya mtoto aliyehamia mjini. Ikithibitika kuwa ni saratani na imeshasogea, anahitaji mionzi. Mionzi ya nje kwa saratani hii hutolewa siku tano kwa wiki kwa wiki tano au zaidi. Mgonjwa wa Kanda ya Ziwa ana Hospitali ya Bugando. Wa Sumbawanga amekuwa akiifuata Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka kwake. Hata pale matibabu yenyewe yanapogharimiwa, nani analipa nauli ya kwenda na kurudi? Atalala wapi wiki tano Dar es Salaam mtu asiye na ndugu huko? Nani atapalilia shamba, nani atawapikia watoto, nani atamsindikiza siku ambazo hawezi kusimama?

Madaktari wa saratani nchini wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba wagonjwa wao walio wengi hufika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Kila jukwaa la uhamasishaji linakirudia kilio hicho, na kila mara maelezo ni yale yale, kwamba wanachelewa kwa sababu hawajui. Ukimfuatilia mgonjwa mmoja tangu siku aliyoona damu hadi siku aliyolala kwenye mashine, utakuta kutojua kulichukua sehemu ndogo ya muda huo. Miezi ilienda kwenye zahanati iliyompa dawa za maambukizi mara mbili, mara tatu. Ilienda kwenye kusubiri muuguzi arudi, kusubiri majibu ya kinyama, kusubiri ng'ombe auzwe ili ipatikane nauli. Mtu akisimama tena mbele yangu akaniambia kwamba tatizo la wanawake hawa ni elimu, nitamwomba aandamane na mmoja wao tu, kwa miguu na kwa basi, kituo hadi kituo, bila gari la kumfuata nyuma.

Waganda waliliona hili kwa namna ya kikatili zaidi. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi iliyokuwa ikifanya kazi nchini kwao, iliyonunuliwa mwaka 1995 na kuwekwa Mulago, iliharibika kabisa. Mpaka mashine mpya ilipoanza kazi mapema mwaka 2018, nchi nzima haikuwa na mionzi. Wagonjwa waliopata msaada walipelekwa Nairobi, wengine wengi walibaki na karatasi zao mkononi. Ni nani pale aliyehitaji kuhamasishwa? Watu wale walikuwa wameshapimwa, wameshaambiwa jina la ugonjwa, wameshafika mlangoni.

Sisi wenyewe tunao mfano wa namna kazi inavyofanyika ikitakiwa ifanyike. Aprili 2024, Tanzania ilipohamia kwenye dozi moja ya chanjo ya HPV na kupanua walengwa kuwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, lengo lilikuwa kuwafikia wasichana wapatao milioni 5. Wauguzi walibeba maboksi ya baridi wakaenda shuleni. Hakuna aliyeishia kuwatangazia wasichana kwamba chanjo ipo, kisha akawaacha waitafute. Elimu ilitolewa na sindano ikiwa mezani, na mzazi aliyekuwa na wasiwasi alimkuta wa kumuuliza. Elimu ya namna hiyo ninaiunga mkono kwa moyo wote. Mama akisikia maelezo ya siki na pazia liko hatua 20 kutoka aliposimama, maelezo yale yana maana.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi, na nitalisema wazi. Uhamasishaji mtupu haumdai mtu yeyote chochote isipokuwa mgonjwa. Halmashauri haidaiwi muuguzi wa pili. Wizara haidaiwi vifaa. Mdhamini hadaiwi zaidi ya fulana. Anayedaiwa ni mwanamke peke yake: ajichunguze, awahi, aache aibu, aache waganga. Akifa tunasema alichelewa, na kila mtu anarudi nyumbani akiwa safi. Mgeni rasmi amehutubia, amepeperusha bendera, ameondoka akiamini kuna kitu kimefanyika kuhusu saratani mkoani kwake. Mkutano ule ungeweza kuwa siku ya kumuuliza, mbele ya wananchi, ni vituo vingapi vya afya chini yake vinavyopima mlango wa kizazi kila siku ya kazi. Badala yake alipewa jezi.

Na wakati wenyewe uliochaguliwa kuliacha hema ni mbaya kuliko wakati mwingine wowote. Mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi. Kwa miaka kadhaa uchunguzi kwa wanawake hao katika kliniki za huduma na matibabu ya VVU (CTC) umetegemea sana fedha za Marekani, kupitia ushirikiano ulioanza mwaka 2018 katika nchi za kusini mwa Afrika na baadaye ukazifikia Tanzania, Kenya na Uganda. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, fedha za namna hiyo ziliyumba. Kila mtu katika sekta ya afya analijua hilo. Huu ndio mwaka wa kuongeza hema la pili, na wenzetu wameliondoa la kwanza.

Wanaosema baiskeli na huduma haviendi pamoja watazame wengine wanavyofanya. Mwaka 1980 kijana wa Massachusetts, Marekani, Billy Starr, aliyefiwa na mama yake kwa saratani ya ngozi, alikusanya waendesha baiskeli 36 wakavuka jimbo lao kwa siku mbili. Walipata dola 10,200 kwa ajili ya taasisi ya saratani ya Dana-Farber. Safari hiyo, Pan-Mass Challenge, bado ipo, na jumla ya fedha ilizochangia imepita dola bilioni 1. Siri yake ni masharti. Kila anayejiandikisha anasaini ahadi ya kiwango cha fedha atakachokusanya, na asipokifikia, kilichobaki kinakatwa kwenye kadi yake mwenyewe. Fedha zinazokusanywa na waendesha baiskeli zinakwenda Dana-Farber zote, gharama za uendeshaji zinabebwa na wadhamini na mapato mengine. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas nao, tangu 2004, huendesha kutoka Austin hadi Anchorage, Alaska, zaidi ya kilomita 6,400. Njiani wanazungumza na watu miji yote, wanahamasisha kweli, lakini hakuna anayeanza safari bila kukusanya mchango wake, na michango hiyo hugharimia utafiti na huduma za wagonjwa.

Hatuna haja ya kwenda hadi Marekani. Mbio za NBC Dodoma Marathon, zilizoanza mwaka 2020, zimekuwa zikichangia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kupitia Ocean Road. Mkimbiaji anajua ada yake inakoelekea. Msafara wa baiskeli ninaouzungumzia haujawahi kuchapisha hesabu zake: mafuta ya magari, hoteli, jezi, jukwaa, matangazo, na kiasi kilichomfikia mgonjwa. Watu wamechanga kwa simu, elfu mbili mbili, elfu tano tano, wakiamini wanamsaidia mtu anayeumwa. Wana haki ya kuonyeshwa hesabu hizo kabla hawajaombwa tena.

Ndiyo maana habari ya kufika Mwanza hainifurahishi. Kutoka Dodoma ni zaidi ya kilomita 650 nyingine, ambazo ni siku nyingi za hoteli, chakula na mafuta, na urefu wa safari haupunguzi kifo hata kimoja. Ningekuwa na sauti kwenye kikao chao, ningeomba safari iwe fupi zaidi ya ile ya mwaka huu: miji minne, siku mbili kila mji, wauguzi wenye mafunzo wanaotangulia siku moja kabla, vifaa vya kutosha kuchemshwa kwa zamu, na daftari la kila mwanamke aliyekutwa na baka au dalili, lenye namba mbili za simu na jina la mtu atakayemfuatilia. Sehemu ya fedha itengwe kwa nauli na malazi ya watakaopewa rufaa. Waendesha baiskeli wangepata siku ya kupumzisha miguu na kusaidia kuandikisha watu kwenye foleni.

Wakishikilia Mwanza, basi wapo wenye uwezo wa kuwauliza. Msafara utahitaji kupokewa Manyoni, Singida, Igunga, Nzega na Shinyanga. Waganga wakuu wa wilaya na wa mikoa hiyo wataombwa kuandika barua za kuukaribisha na kuwatoa watumishi wao kwenye vituo waje kujaza uwanja. Kabla ya kusaini, waulize: wanawake wangapi watapimwa hapa, nani anamlipa muuguzi wa ziada, nani anabeba gharama ya atakayekutwa na ugonjwa mpaka afike Bugando, ambayo iko katika mji huohuo msafara unakokwenda kumalizia? Majibu yawe kwa maandishi, yakiwa na majina na kiasi cha fedha. Yasipokuwepo, barua isisainiwe, na watumishi wabaki kwenye vituo vyao wakihudumia wagonjwa.